Vyombo vya mama mjane: nani anavirithi, na neno la mama lina nguvu gani?

Kilio kikitokea kwetu Kasongo ao Kabambare, mambo ya shamba na nyumba yanazungumzwa na wakubwa kwenye baraza. Mambo ya vyombo yanazungumzwa jikoni, kwa sauti ya chini, na mara nyingi ndiyo yanayovunja jamaa. Nani amebeba ile sufuria kubwa? Masini ya kushona iko wapi? Ndani ya sanduku mulikuwa vikwembe sita, mbona vimebaki viwili? Kisha mtu mmoja anasimama na kusema: mama aliniambia mimi, kabla ya kukata roho, kwamba masini ni yangu. Aliyesikia neno hilo ni yeye peke yake, na anayefaidika nalo ni yeye pia.

Katika makala hii tunaeleza mama mjane anaweza kufanya nini na vyombo vya nyumba yake: kipi ni chake kweli, kipi anaweza kumwachia mtu anayemtaka, sheria ya nchi inasema nini, na dini ya Kiislamu, ambayo wengi wetu huku kusini mwa Maniema tunaifuata, inasema nini. Tutapita pia Uingereza ya zamani na kisiwa cha Pemba, kwa sababu huko wanawake wa kawaida walipambana na swali hili hili na karatasi zao zimebaki.

Sufuria si kitu kidogo

Kuna wababa wanaocheka wakisikia habari ya wasia wa vyombo. Kwao urithi ni nyumba, shamba, ng'ombe, pikipiki. Sahani na beseni ni mambo ya wanawake, wagawane wenyewe.

Lakini tuangalie akiba ya mama wa kwetu inakaa wapi. Ardhi ya kijiji iko mikononi mwa ukoo na machefu. Mwanamke aliyeolewa analima, lakini mara nyingi shamba halisemwi kuwa lake. Benki iko mbali, na wengi hawana kitu cha kupeleka huko. Mama anayeuza mchele ao mafuta ya mawese sokoni, zamu yake ya likelemba ikifika, ananunua kitu kinachodumu: sufuria kubwa ya kupikia karamu, ambayo ataikodisha kwa majirani wakati wa arusi na wakati wa kilio, godoro, kikwembe kizuri ambacho hatakivaa, atakiweka sandukuni mpaka siku ya shida, mbuzi wawili. Masini ya kushona ni duka zima. Siku mtoto anafukuzwa shuleni kwa sababu ya pesa, ni kikwembe kinachotoka sandukuni.

Wale wa Kabambare waliokimbia vita mara nyingi wanalijua jambo hili kuliko mimi. Ukikimbia unashika mtoto, unajitwika sufuria na godoro. Nyumba inabaki. Kile ulichobeba kichwani ndicho kinachokuanzishia maisha mahali unapofika.

Kwa hiyo tunapozungumza vyombo vya mjane tunazungumza mali. Pengine ndiyo mali pekee katika maisha yake yote ambayo aliinunua mwenyewe na anaweza kuisema: hii ni yangu.

Wajane wa Uingereza na masanduku yao

Miaka 400 na zaidi iliyopita, Uingereza haikuwa nchi ya viwanda. Watu wengi waliishi vijijini, na chombo cha shaba ao kitanda chenye godoro la manyoya kilikuwa mali kubwa. Sheria ya wakati ule ilikuwa kali kwa mwanamke. Akiolewa, vitu vyake vyote vinavyohamishika vilikuwa vya bwana wake: pesa, vyombo, wanyama. Mke hakuweza kuandika wasia bila ruhusa ya bwana. Hali hiyo ilidumu muda mrefu sana. Sheria iliyompa mke wa Uingereza mali yake mwenyewe ni ya mwaka 1882.

Mjane alikuwa mtu mwingine kabisa. Bwana akifa, mke alirudishiwa sauti yake mbele ya sheria. Aliweza kumiliki, kukopesha, kushitaki, na kuandika wasia. Ndiyo maana kati ya wasia za wanawake wa Uingereza wa karne ya 16 na ya 17, nyingi ni za wajane na za wanawake ambao hawakuolewa.

Na waliandika nini? Vyombo. Chungu cha shaba kwa binti huyu, mashuka mawili na mto kwa binti yule, gauni kwa dada, sahani za bati kwa mtoto wa ubatizo, koti la zamani kwa mtumishi wa nyumbani. Wanaume mara nyingi waliandika kwa ujumla, ardhi kwa huyu na mali iliyobaki kwa yule. Mjane alitaja kitu kimoja kimoja, na jina la mtu mmoja mmoja. Mwanahistoria Amy Louise Erickson, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu wanawake na mali katika Uingereza ya wakati ule, alionyesha kwamba katika jamaa za kawaida mabinti walipata kutoka kwa wazazi sehemu ambayo haikuwa mbali na ile ya kaka zao; tofauti ni kwamba wavulana walipewa zaidi ardhi, wasichana walipewa vitu vinavyohamishika. Mtu akidharau vyombo, basi amedharau urithi wa nusu ya watoto.

Kitanda chenyewe kilikuwa na cheo. Shakespeare, yule mwandishi wa michezo ya kuigiza ambaye jina lake tulilisikia shuleni, alipofanya wasia wake mwaka 1616 alimwachia mke wake kitanda cha pili kwa uzuri. Mpaka leo wataalamu wanabishana: alikuwa anamtukana, ao alimpa kitanda chao cha ndoa, kile cha kwanza kikiwa cha wageni? Kwetu pia kitanda cha wageni ndicho kinachopewa shuka jipya, kwa hiyo mimi siko upande wa wanaosema ni tusi.

Kitu kingine cha kule kinatufaa sana. Sheria ya mwaka 1529 iliwataka wasimamizi wa mali ya marehemu walete orodha. Majirani wachache waaminifu waliingia ndani ya nyumba, wakapita chumba kwa chumba, wakaandika kila kitu na bei yake: jikoni kuna hiki, chumbani kuna kile, zizini kuna ng'ombe wangapi. Orodha ilipelekwa kwenye mahakama ya kanisa, kwa sababu wakati ule ni kanisa lililosimamia mambo ya wasia. Baada ya hapo haikuwa rahisi mtu kubeba sufuria usiku.

Watu wa Maniema mbali na nyumbani

Pemba iko karibu nasi zaidi kuliko tunavyofikiri. Karne ya 19, wakati Kasongo na Nyangwe zilikuwa makao ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kama Tippu Tip, watu wengi wa Maniema walichukuliwa mpaka Ujiji, Tabora, pwani na visiwani. Ndiyo asili ya Wamanyema wa Tanzania mpaka leo. Zanzibar na Pemba, hali ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1897.

Fikiria mwanamke aliyeachwa huru huko Pemba, hana ndugu wa damu hata mmoja kisiwani, bwana amekufa, watoto hakupata. Amelima, ameuza, amenunua kitanda na vyombo. Akifa, nani anarithi? Katika fikihi ya Kiislamu, mtu aliyeachwa huru asipokuwa na warithi wa damu, aliyemwacha huru ana haki ya kumrithi, yeye ao jamaa yake. Maana yake, sufuria aliyoinunua kwa jasho lake ingeweza kurudi kwenye nyumba aliyotumikia bila malipo. Mlango uliobaki wazi kwake ulikuwa wasia: theluthi ya mali yake aliweza kumwachia mtu aliyemtaka, rafiki ao mtoto aliyemlea. Mwanahistoria Elisabeth McMahon alitumia kumbukumbu za mahakama na za mirathi za Pemba katika kitabu chake cha mwaka 2013 juu ya mwisho wa utumwa kisiwani. Kwa faili kama hizo ndiyo tunaweza kuona maisha ya watu ambao hakuna mtu mwingine aliyewaandika.

Sasa turudi nyumbani.

Kwanza ujue kipi ni chako

Hapa ndipo wengi wanakosea, wajane na jamaa ya bwana pia. Bwana akifa, ndugu zake wanakuja na kusema: kila kitu ndani ya nyumba hii ni cha kaka yetu. Na mama mjane kwa upande wake anasema: hapana, vyote ni vyangu, mimi ndiye niliyebaki. Sheria haikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili.

Sheria ya jamaa ya Kongo ni ya tarehe 1 Agosti 1987, na ilirekebishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Ile ya zamani ilimtaka mke aombe ruhusa ya bwana kwa mambo mengi ya kisheria; marekebisho ya 2016 yaliondoa jambo hilo. Kuhusu mali ya ndoa, mume na mke wasipochagua utaratibu mwingine siku ya kuoana, sheria inawaweka katika utaratibu huu: kila mmoja anabaki na vile alivyokuwa navyo kabla, na vile walivyovipata pamoja ndani ya ndoa ni vya wote wawili. Bwana akifa, kitu cha kwanza si kugawa urithi. Kwanza inatengwa nusu ya mke katika vile vya pamoja. Nusu hiyo si urithi, ni mali yake tangu zamani. Inayoingia katika urithi ni nusu ya marehemu na vile vyake vya peke yake.

Katika ule urithi wa marehemu, watoto wana robo tatu, wavulana na wasichana sawa kwa sawa, waliozaliwa ndani ya ndoa na waliozaliwa nje ambao baba aliwatambua akiwa hai. Mke aliyebaki yuko katika kundi la pili, pamoja na wazazi wa marehemu na ndugu zake, na kundi hilo linagawana sehemu inayobaki.

Tena kuna kifungu cha 785, ambacho kila mama mjane angepaswa kukijua kama anavyojua jina lake. Kifungu hicho kinampa mjane, ao mume aliyefiwa, haki ya kutumia nyumba ambamo walikuwa wanaishi pamoja na vyombo vya nyumba: vitanda, meza, viti, makabati. Ndugu wa marehemu anayekuja na toleka kubeba kitanda siku ya tatu ya kilio anavunja sheria, hata kama ni yeye aliyenunua jeneza.

Lakini haki ya kutumia si haki ya kumiliki. Ule upande wa meza na kitanda uliokuwa wa marehemu ni wa warithi wake. Mjane anautumia, lakini hawezi kuuandika katika wasia wake na kumpa mtu wa nje. Na akiolewa tena, haki hiyo ya kutumia inaweza kukoma. Waingereza wa zamani walikuwa na jambo linalofanana sana: wanaume wengi waliandika kwamba mke atumie nyumba na vyombo maisha yake yote, ao mpaka siku atakapoolewa na mwingine.

Basi vya kuachia mtu kwa wasia ni vipi? Ni vile ulivyokuja navyo kwa bwana. Ni zawadi ulizopewa wewe, mahari uliyokabidhiwa mkononi kufuatana na dini ikiwemo. Ni nusu yako katika vile vya pamoja. Na ni vyote ulivyonunua baada ya kuwa mjane. Kwa mama aliyekaa miaka kumi na tano bila bwana, hivi vya mwisho mara nyingi ndivyo vingi.

Mfano: Mama Zaina na mtoto wa dada yake

Tuchukue mfano. Jina ni la kutunga. Mama Zaina ni mjane wa Kasongo, ana watoto wanne: wavulana wawili, mmoja yuko kwenye dhahabu Salamabila, wasichana wawili, mmoja ameolewa Kindu. Anayeishi naye, anayemchotea maji, anayempeleka hospitali na kumwogesha miguu ikivimba, ni Fatuma, mtoto wa dada yake marehemu. Alimlea tangu akiwa na miaka mitano. Hakuna karatasi ya kumfanya mtoto wake kisheria. Nani kwetu anatafuta karatasi ya namna hiyo kwa mtoto wa dada?

Mama Zaina akifa bila wasia, Fatuma anaweza kukosa hata kijiko. Sheria ya serikali haimtambui kama mtoto, na dini vilevile: mtoto wa kulea harithi. Watoto wanne watakuja, watagawana, na kila mmoja atarudi kwake. Fatuma atabaki na nyumba tupu, na pengine ataambiwa atoke.

Tuseme vyombo vya Mama Zaina mwenyewe, masini ya kushona ikiwemo, vina thamani ya dolari 360, na madeni yote yamekwisha kulipwa. (Madeni yanatangulia, katika sheria na katika dini. Kama masini ilinunuliwa kwa mkopo wa likelemba, wamama wa likelemba wanalipwa kwanza.)

Kufuatana na sheria ya nchi, robo tatu ya watoto haiguswi na wasia. Hiyo ni dolari 270, kila mtoto 67 na nusu, msichana sawa na mvulana. Robo inayobaki, dolari 90, Mama Zaina anaweza kumwandikia Fatuma. Bila wasia, katika robo hiyo wangeingia kaka na dada za Mama Zaina.

Kufuatana na dini, wasia unaweza kufika theluthi, yaani dolari 120, na Fatuma anaweza kuupokea kwa sababu yeye si mrithi. Zinazobaki 240 zinagawanywa watoto kwa mafungu: kila mvulana 80, kila msichana 40. Kaka wa Mama Zaina hapati kitu kwa sababu wavulana wapo.

Unaona tofauti. Dini inampa mtu wa nje nafasi kubwa zaidi, theluthi badala ya robo, lakini inafunga mlango mwingine: huwezi kumwandikia wasia mtu ambaye tayari ni mrithi wako, isipokuwa warithi wengine wakubali. Mama akitaka kumwongezea binti yule aliyemsaidia zaidi, shehe atamwambia hapana. Kwa sheria ya nchi anaweza, akikaa ndani ya ile robo.

Ipi inafuatwa? Sheria ya jamaa ni moja kwa Wakongomani wote, Mwislamu, Mkatoliki, Mprotestanti na asiye na dini. Jamaa ikikubaliana kugawa kama shehe anavyoelekeza, na wote waliokomaa wameridhika, hakuna anayewafuata. Binti mmoja akikataa sehemu ya 40 na kwenda kushitaki, hakimu atafungua sheria ya jamaa.

Na hapa kuna jambo jingine ambalo jamaa nyingi zinalisahau. Masini ya kushona haikatwi vipande vinne. Wasia unaweza pia kusema nani achukue kitu gani ndani ya sehemu yake: masini kwa huyu, mbuzi na kitanda kwa yule, hesabu zikiwa sawa. Hiyo pekee inaokoa magomvi mengi. Mama anaweza pia kumtaja mtu atakayesimamia ugawaji. Asipomtaja, kazi inamwangukia mkubwa wa warithi, na huyo mkubwa pengine yuko Salamabila ndani ya shimo, simu haishiki.

Neno la kitandani

Sheria inakubali wasia wa namna tatu, na ya kwanza kuzungumzwa kwetu ni ile ya mdomo. Mtu anayeona kifo kiko karibu anaweza kusema wasia wake kwa mdomo, lakini mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, watu wazima. Si mmoja. Na si kila jambo linaweza kuingia humo: mambo ya mazishi, ulezi wa watoto wadogo, kitu fulani kwa mtu fulani kisichozidi thamani ndogo iliyowekwa na sheria. Sufuria na kikwembe vinaweza kuingia. Nyumba haiingii.

Tena, mgonjwa akipona na kuishi miezi mitatu baada ya kusema, neno lile linaanguka. Anatakiwa aseme upya ao aandike. Kwetu watu wanaamini kinyume: neno la mgonjwa ni zito milele, na asiyelitimiza atapatwa na laana. Laana ni kazi ya wengine. Tribinali inahesabu mashahidi na miezi.

Namna ya pili ni wasia unaoandika kwa mkono wako mwenyewe, wote, ukiweka tarehe na sahihi. Inaonekana rahisi, na kwa anayejua kuandika ni rahisi kweli: karatasi moja ya daftari inatosha. Shida ni kwamba wamama wengi wazee hawakupita shuleni. Basi anamwita mjukuu wa darasa la sita: andika. Mjukuu anaandika vizuri, mama anatia kidole. Karatasi hiyo si wasia wa mkono wake, kwa sababu mkono ulioandika si wake. Mbele ya hakimu wapinzani wataishika hapo hapo.

Kwa mama asiyeandika kuna namna ya tatu: kwenda mbele ya notere, ao mbele ya afisa wa eta sivili wa mahali anapoishi, akaseme wasia wake pale na uandikwe kiserikali. Notere hawako kila mahali, lakini afisa wa eta sivili katika vijiji vyetu ni yule yule mkubwa wa sekta ao wa shefri. Wengi wanaijua ofisi hiyo kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto tu. Hata mimi, kabla ya kuanza kazi hii ya redio, sikujua kwamba mtu anaweza kwenda pale na habari ya sufuria.

Kuna pia njia ambayo si wasia: kutoa ukiwa hai. Mama anamwita Fatuma mbele ya majirani na watoto wake, anamkabidhi masini, na Fatuma anaanza kuitumia kama yake. Katika dini hiyo ni hiba, na inakamilika mpewaji akishapokea kitu mkononi. Kusema "nimekupa" huku kitu kimebaki sandukuni mwako mpaka ufe hakutoshi. Na ukikitoa ukiwa katika ugonjwa uliokuua, wanazuoni wanakihesabu kama wasia, theluthi ile ile. Kwa hiyo anayetaka kupitia njia hii afanye akiwa bado anatembea. Ubaya wake unajulikana: ukishatoa umetoa, na kuna watoto wa kulea ambao siku ya kupokea masini ndiyo siku ya mwisho ya kuchota maji.

Mke wa pili

Swali hili haliwezi kukwepwa huku kwetu. Sheria ya nchi inatambua mke mmoja tu. Mwanamke aliyeolewa wa pili, kwa dini ao kwa mila, hata kama ameishi na bwana miaka ishirini, hahesabiwi kama mke aliyebaki, na kifungu cha 785 hakimlindi. Watoto wake, baba akiwa aliwatambua, wanarithi sawa na wale wa nyumba kubwa. Yeye mwenyewe hapana. Dini kwa upande wake inawapa wake wote pamoja thumuni moja kama kuna watoto, wagawane sawa.

Hata mke wa kwanza anaweza kuingia katika shida kama ndoa haikuandikishwa. Mahari ilitolewa, watu walikula, shehe ao padri alibariki, lakini ofisini hakuna jina. Siku ya kesi itabidi atafute mashahidi wa arusi ya miaka thelathini iliyopita.

Kwa wanawake hawa, vyombo walivyonunua wenyewe vina uzito mara mbili, kwa sababu hakuna kingine cha kusimamia. Ndiyo maana ile desturi ya Waingereza ya orodha mimi naipenda. Haihitaji avoka wala pesa nyingi. Bwana akifa, kabla watu wa mbali hawajafika, ao hata kabla ya hapo bwana akiwa mzima, daftari moja: kitu hiki nilikuja nacho, hiki nilinunua kwa likelemba mwaka fulani, hiki tulinunua pamoja. Majirani wawili na chefu wa mtaa watie sahihi. Orodha hiyo si wasia na haimpi mtu kitu. Kazi yake ni kuonyesha kulikuwa na nini na cha nani.

Ugomvi ukishindikana nyumbani na kwa chefu, mahali pa kwenda ni tribinali ya amani, ambayo sheria ya mwaka 2013 juu ya mahakama imeipa kesi za jamaa na za urithi. Hakimu atataka kujua ndoa iliandikishwa ao hapana, marehemu aliacha warithi gani, na kama kuna wasia, aliuandika nani na mbele ya nani. Kisha ataomba orodha ya vitu. Mara nyingi hapo ndipo kimya kinaingia chumbani, kwa sababu vitu vyenyewe vimekwisha kwenda Kindu, Salamabila na Kabambare, kila kimoja kichwani kwa mtu wake.